Kutoka Kigoma hadi Mkataba wa Raga: Mwongozo kwa Kijana na Wazazi Wake

Kijana wa Kigoma anayetaka kuishi kwa kucheza raga anaanzia mbali na mahali mchezo wenyewe ulipo. Katika mkoa wetu ukitaja mpira, kila mtu anaelewa mpira wa miguu. Uwanja wa Lake Tanganyika unajulikana kwa mchezo huo, na mtoto akisema nyumbani kwamba anataka kucheza raga, swali la kwanza la wazazi ni raga kitu gani. Nimewaandikia wao mwongozo huu, baada ya miaka kadhaa ya kucheza Dar es Salaam na Nairobi, na mingine ya kuwafundisha vijana hapa nyumbani. Shauri langu kubwa ni kwamba utafute mechi kabla ya kutafuta mkataba. Klabu inayolipa haimchukui mtu kwa sifa za kusimuliwa. Inamchukua mchezaji aliyecheza dakika nyingi dhidi ya watu wanaomzidi, akaonekana akifanya hivyo. Kwa hiyo kila uamuzi utakaoufanya, uwe wa shule, wa kuhama mji au wa kutia saini karatasi, uupime kwanza kwa idadi ya mechi utakazozipata.

Ujue kazi unayoiomba

Raga ya muungano, ndiyo hii ya wachezaji 15 kila upande, ilikataza kuwalipa wachezaji kwa karne nzima. Mwaka 1895 klabu za kaskazini mwa Uingereza, ambazo wachezaji wake wengi walikuwa wachimba makaa na vibarua wa viwandani, zilikutana Huddersfield na kujitenga, kwa sababu zilitaka kuwafidia wachezaji ujira waliokosa kwa kuacha kazi siku ya mechi. Kujitenga huko ndiko kulikozaa raga ya ligi, yenye wachezaji 13. Raga ya muungano ilibaki mchezo wa ridhaa hadi Agosti 1995, ilipokubaliwa rasmi kwamba mchezaji anaweza kulipwa. Historia hiyo inamhusu moja kwa moja mtu anayeomba kazi leo, kwa kuwa inaeleza kwa nini ajira hii ni changa na kwa nini fedha zake nyingi ziko katika nchi chache, zikiwemo Ufaransa, Uingereza, Ireland, Japani, Afrika Kusini na New Zealand. Kenya na Uganda zina mashindano mazuri ya klabu, lakini wachezaji wengi wa huko wana kazi nyingine au bado wanasoma, na mzazi anapaswa kulijua hilo kabla hajaanza kuhesabu mishahara.

Kanuni za msingi hujifunzwa kwa siku moja. Mechi ya wachezaji 15 huchezwa dakika 80. Ile ya wachezaji saba kila upande huchezwa dakika 14 tu, lakini katika uwanja uleule mkubwa, ndiyo maana inachosha kuliko inavyoonekana. Mpira unarushwa kwa mkono kwenda pembeni au nyuma, kamwe si mbele. Trai, yaani kuugusisha mpira ardhini nyuma ya mstari wa goli wa wapinzani, ina pointi 5, mkwaju unaopigwa baada ya trai una 2, na penalti ina 3, sawa na goli la kuudondosha mpira na kuupiga unapodunda. Kozi za Shirikisho la Raga Duniani, World Rugby, kuhusu sheria, maandalizi ya mwili na mtikisiko wa ubongo zinapatikana bure kwenye intaneti, na cheti chake unakipakua mwenyewe. Zimalize zote kabla ya mwaka wako wa kwanza kwisha. Kocha wa mjini akimwona kijana wa mkoani ameleta vyeti hivyo, anajua amekutana na mtu anayeuchukulia mchezo kwa uzito.

Anza na raga ya saba. Kupata vijana 14 Mwanga au Ujiji wanaoweza kukutana mara tatu kwa wiki kunawezekana, ilhali kupata 30 ni kazi ya miaka. Zaidi ya hayo, raga ya saba imo katika Michezo ya Olimpiki tangu Rio 2016, na ndiyo iliyoipatia Afrika Mashariki jina: mwaka huohuo Kenya ilitwaa ubingwa wa Singapore kwa kuifunga Fiji 30 kwa 7 katika fainali, na Collins Injera, aliyekulia katika klabu ya Mwamba ya Nairobi, akashika kwa muda rekodi ya trai nyingi zaidi katika mashindano ya dunia ya mchezo huo. Wasichana wasidhani njia hii si yao. Timu ya wanawake ya Kenya ilicheza Olimpiki ya Rio na ya Tokyo.

Mikono, kisha bega

Kabla hatujawa na mpira halisi, tulikuwa tukikunja vipande vya nyavu chakavu za dagaa pale Kibirizi, tukavikaza kwa kamba hadi vikapata umbo la yai, kisha tukavishonea ndani ya kiroba. Ulikuwa mzito kuliko mpira wa kweli, ambao una gramu 410 hadi 460, na haukudunda hata kidogo, lakini kwa kufundishia kurusha na kudaka ulitosha kabisa. Shika kwa vidole, viganja visiushike mpira. Mtazame unayemrushia, peleka mpira mbele kidogo ya kifua chake ili aukimbilie, na umalizie vidole vikimwelekea. Mdakaji anyooshe mikono kuupokea mapema, asiusubiri ufike tumboni. Rusha mara 100 kwa mkono wa kulia na mara 200 kwa wa kushoto kila siku, au kinyume chake kama wewe ni wa kushoto, kwa maana mchezaji wa upande mmoja hugunduliwa ndani ya dakika tano za majaribio na kurudishwa nyumbani.

Kukaba ndiko kunakohitaji subira zaidi, na ndiko wengi wetu tulikokuharakisha. Kukaba katika raga ni kumshika mwenye mpira na kumlaza chini, na kuna njia moja tu iliyo salama kwa shingo na kichwa chako: kichwa kikae kando au nyuma ya mwili wa mpinzani, kamwe kisikae mbele yake. Anza kwa kupiga magoti, mwenzako naye akitembea polepole kukupita. Shavu lako liguse kalio lake, bega liingie kwenye paja, mikono yote miwili imzunguke na kubana, kisha sukuma hadi aanguke nawe uwe juu. Baada ya wiki mbili mkabe ukiwa umechuchumaa, kisha ukiwa unatembea, na mwisho kabisa ukiwa unakimbia. Ukiwa umesimama, hatua ya mwisho kabla ya kugusana iwe fupi na mguu wako uwe karibu na miguu yake, kwa sababu anayejirusha kutoka mbali hana nguvu wala hawezi kurekebisha kichwa chake.

Nilikuwa na kijana mmoja, mvuvi wa usiku, mwenye mgongo wenye nguvu kuliko wote, ambaye kila akikaba kichwa chake kilitangulia mbele ya magoti ya mwenzake. Maneno hayakumsaidia. Siku moja nikampaka mbebaji wa mpira unga kidogo wa muhogo nyuma ya kaptura, kwa kuwa chokaa huumiza macho, nikamwambia mvuvi wangu kwamba akiinuka na unga shavuni amekaba sawasawa, na akiinuka bila unga anarudia. Alirudia mara 30 na zaidi jioni ile mchangani. Kuanzia wiki iliyofuata kichwa chake kilikaa mahali pake, na bado ninautumia unga huo kwa kila anayejiunga nasi.

Sheria nazo zinalinda vichwa. Kumkaba mtu juu ya usawa wa mabega ni kosa, kumpiga bega bila kumzungushia mikono ni kosa, na kumwinua miguu ikapita juu kisha kumwachia aanguke na kichwa kunaweza kukupa kadi nyekundu. Kadi ya njano inakutoa nje dakika 10, au dakika 2 katika raga ya saba. Makocha wa klabu kubwa huziogopa kadi hizi, na mchezaji anayezikusanya hupoteza ajira hata akiwa hodari.

Jifunze pia kuanguka ukiwa na mpira: goti, nyonga, bega, mpira ukiwa kifuani, kisha uulaze kwa mikono iliyonyooka upande wa timu yako. Skrumu, ule msukumano wa wachezaji wanane dhidi ya wanane, usiijaribu kamwe bila kocha aliyesomea, kwa sababu skrumu ikiporomoka shingo ndiyo inayobeba uzito. Fundi huyo hayupo Kigoma. Utamkuta Dar es Salaam au Nairobi, na hakuna hasara kumsubiri.

Kuhusu mtikisiko wa ubongo ninaandika kwa uchungu. Katika mechi moja niligongwa sikioni, nikaona nyota, nikadanganya kwamba niko sawa na kucheza hadi mwisho. Kwa siku tisa sikuweza kusoma ukurasa mmoja bila kichwa kuuma, na hakuna aliyeniuliza chochote. Mchezaji aliyegongwa akapepesuka, akasahau matokeo, akataka kutapika au akaonekana kama yuko mbali, anatoka nje na harudi siku hiyo, hata kama ni fainali, na hata kama analia. Apelekwe kituo cha afya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni, asilale peke yake usiku ule, na arudi mazoezini hatua kwa hatua baada ya daktari kuridhika. Mzazi anayesoma hapa ana haki ya kumwambia kocha yeyote, mimi nikiwemo, kwamba mwanawe hachezi.

Mwili unaoweza kuajirika

Makocha wengi duniani hupima pumzi kwa kipimo kinachoitwa Bronko, na uzuri wake ni kwamba hakihitaji kifaa zaidi ya saa na mawe manne. Weka alama kwenye mita 0, 20, 40 na 60. Kimbia hadi 20 na kurudi, hadi 40 na kurudi, hadi 60 na kurudi. Hizo ni mita 240. Fanya hivyo mara tano bila kupumzika, utakuwa umekimbia mita 1,200. Ukimaliza chini ya dakika 5 una msingi wa kuzungumza na klabu. Ukizidi dakika 6 ongeza mazoezi kwanza. Jipime kila baada ya wiki sita na uandike matokeo kwenye daftari lenye tarehe, kwa sababu daftari hilo baadaye litakuwa sehemu ya maombi yako.

Nguvu zijengwe kwa mpangilio. Vijana wanaobeba magunia bandarini wana nguvu za kweli, lakini wengi huinua kwa kiuno badala ya miguu, na kiuno kilichochoka akiwa na miaka 19 hakitamfikisha 25. Jifunze kuchuchumaa na kuinuka mgongo ukiwa umenyooka kabla ya kuongeza uzito wowote. Kwa chakula, Kigoma tumebarikiwa kuliko tunavyojua: dagaa, migebuka, maharage, ndizi na mawese vinatosha kumjenga mchezaji akila vya kutosha na kwa wakati. Unga wa kuongeza misuli unaouzwa madukani na mitandaoni usiuguse. Katika kanuni za kupambana na dawa zilizokatazwa, mchezaji ndiye anayewajibika kwa kila kinachokutwa mwilini mwake, hata kama hakujua kilichokuwa ndani ya kopo, na adhabu huweza kufika miaka minne, ambayo ni karibu nusu ya maisha ya mchezaji. Dawa za kienyeji ambazo hujui zimechanganywa na nini nazo zina hatari hiyohiyo. Na ukiwa na homa, pima malaria kabla ya kurudi uwanjani. Mkoa wetu una malaria nyingi, na kijana anayekimbia Bronko akiwa na vijidudu damuni anajiumiza bure.

Usijifunge mapema kwenye nafasi moja. Tendai Mtawarira, aliyezaliwa Zimbabwe, alifika Durban akiwa mshambuliaji wa safu ya nyuma ya skrumu, akageuzwa kuwa propu, yaani mchezaji wa mstari wa mbele wa skrumu, na katika nafasi hiyo mpya akaichezea Afrika Kusini mechi 117 na kutwaa Kombe la Dunia mwaka 2019.

Kuondoka Kigoma

Kidato cha nne kimalizwe hapa, na cha sita ikiwezekana. Hili silisemi kwa desturi ya wazee kusisitiza shule. Shule ndiyo mlango mkubwa wa raga barani Afrika. Siya Kolisi, nahodha wa Afrika Kusini katika ushindi wa Kombe la Dunia wa 2019 na wa 2023, alitoka katika kitongoji cha kimaskini cha Zwide kwa kupata ufadhili wa shule akiwa mtoto. Nairobi vipo vyuo vikuu vyenye timu zinazocheza ligi, Strathmore kikiwa kimojawapo, na Afrika Kusini vyuo vina mashindano yao makubwa ambayo klabu za kulipwa huyafuatilia. Mwenye cheti kizuri anaweza kuingia kwa mlango huo. Asiye nacho atabaki kusubiri majaribio.

Hatua ya kwanza nje ya mkoa ni Dar es Salaam au Arusha, ambako raga ya klabu imekuwapo kwa muda mrefu. Panda treni ya Reli ya Kati ukiwa na mahali pa kulala palipothibitishwa, si pa kudhaniwa, na muulize kocha mambo matatu kabla hujaondoka: timu ina mechi ngapi msimu huu, nani anacheza nafasi yako, na nani anagharamia matibabu. Ukiona utakaa benchi mwaka mzima katika klabu yenye jina, nenda kwenye ile ndogo itakayokuchezesha. Hakikisha umesajiliwa rasmi na chama cha raga cha taifa, kwa kuwa mchezaji anayehamia nchi nyingine huhitaji kibali cha maandishi kutoka chama anachotoka, na asiyesajiliwa popote husumbuka kukipata.

Hatua ya pili ni Kenya au Uganda. Kila mwaka Kenya huwa na mfululizo wa mashindano ya raga ya saba yanayozunguka miji, ikiwemo Kisumu, Nakuru, Mombasa na Nairobi, na kwa kijana wetu hapo ndipo penye macho mengi kwa gharama ndogo. Mechi zako zirekodiwe. Simu ya kawaida iliyoshikwa kwa ulalo kutoka mahali palipoinuka inatosha. Tengeneza video ya dakika tatu hadi nne yenye ukabaji, mirusho ya mikono yote miwili na kazi ya kugombea mpira chini, siyo trai tupu, kisha uwe na mechi mbili nzima za kumtumia kocha atakayeziomba. Atakayeziomba ndiye mwenye nia.

Pasipoti ianze kushughulikiwa mwaka mmoja kabla. Sisi wa Kigoma, kwa kuwa tuko mpakani, huulizwa maswali mengi kuhusu asili ya wazazi na babu zetu, na mchezaji wangu mmoja alikosa safari kwa sababu cheti cha kuzaliwa cha mama yake kilichelewa miezi mitano. Kusanya mapema vyeti vyako na vya wazazi wako, pamoja na kitambulisho cha taifa. Vyeti hivyohivyo vina kazi nyingine: kanuni za kimataifa zinakuruhusu kuichezea nchi uliyozaliwa, au alikozaliwa mzazi, babu au bibi yako, au ambayo umesajiliwa na chama chake cha raga pekee kwa miezi 60 mfululizo. Familia nyingi za hapa zina bibi aliyezaliwa ng'ambo ya ziwa, na ukishaichezea timu ya taifa ya wakubwa ya nchi moja, kubadili ni kugumu, kwa hiyo ulizeni kabla ya kuvaa jezi.

Wakala na karatasi

Wakala wa kweli hulipwa asilimia ya mkataba baada ya mkataba kuwapo. Anayedai fedha kwanza, iwe ya viza, ya majaribio au ya kushika nafasi, achana naye hapohapo. Familia moja ninayoifahamu iliuza injini ya mtumbwi ili kumlipa mtu aliyetuma barua yenye nembo ya klabu ya Ulaya. Namba yake ya simu ilizimwa siku ya tatu, na mtumbwi ukarudi kwenye makasia. Barua ikifika, tafuta tovuti ya klabu mwenyewe, usibonyeze kiungo ulichotumiwa. Piga simu iliyoandikwa huko, na uulize pia chama cha raga cha nchi hiyo kama klabu inamtambua mtu huyo. Majibu hupatikana kwa siku chache, na klabu halali haitaudhika ukiisubirisha siku hizo.

Mkataba usomwe na mwanasheria au walau mwalimu anayeielewa vizuri lugha iliyoandikwa, na usitiwe saini siku ulipopokelewa. Tazama muda wake, malazi, nauli ya kurudi nyumbani, na nani anaomba kibali cha kazi. Kisha nenda kwenye kifungu cha majeraha na ukisome polepole: goti likikatika mwezi wa pili, nani analipa upasuaji, mshahara unaendelea kwa miezi mingapi, na je, klabu inaweza kukuvunjia mkataba ukiwa kitandani. Kiasi cha mshahara kinaweza kujadiliwa mwakani, lakini goti halisubiri. Klabu ikikataa kukiandika kifungu hicho, ishukuru kwa barua ya heshima, baki katika ligi uliyopo, na Jumamosi inayofuata mtafute mtu wa kukushikia simu pembeni mwa uwanja.